Mhariri, historia kwenye gemu imo, ya kwetu ndo imerukwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzee wetu aliyeandika kwenye ukurasa wa maoni kwamba vijana wanakesha kwenye gemu za vita zilizojaa mazimwi na uchawi huku historia hawaijui hata ya babu zao. Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Kariakoo, laptopu za hao vijana ndo zinaletwa kwangu feni imeziba vumbi na betri imevimba, na mimi mwenyewe nacheza, sifichi, mke wangu anajua na majirani wanajua. Kwenye uchawi sibishi, upo wa kutosha. Ila kwenye historia naomba tupingane kwa heshima zote, maana hayo majeshi ya ajabu unayoyaona kwenye skrini karibu yote yamenyofolewa kwenye historia ya watu wa kweli, ukikaa nayo vizuri unaona kabisa huyu ni Mjerumani, huyu Mrusi, huyu Mmisri. Lalamiko langu mimi liko pengine: historia imejaa humo, sema ya kwetu ndo imerukwa.

Nitashika gemu moja tu nisije nikatawanyika, inaitwa Total War: Warhammer. Ya kwanza ilitoka 2016, ya pili 2017, ya tatu 2022. Walioitengeneza ni Creative Assembly wa Uingereza, ambao tangu 2000 walikuwa wanatengeneza gemu za vita vya kihistoria kabisa, Wajapani wa kale, Warumi, Napoleon, mpaka idadi ya mistari ya askari wanaijali. Lakini dunia yenyewe ya Warhammer hawakuitunga wao, ni mali ya Waingereza wengine wanaitwa Games Workshop, walianza nayo 1983 kama mchezo wa mezani, unanunua vijeshi vidogo vya chuma, unavipaka rangi mwenyewe, afu mnapigana kwa dadu na tepu ya kupimia. Na Uingereza mchezo wa vijeshi vya mezani ulikuwepo zamani, watu wazima na ndevu zao wanapanga vita ya Waterloo kwenye meza ya kulia chakula wala hawaoni haya. Kwa hiyo hao jamaa walipotaka kuleta mazimwi walianza na walichokuwa nacho tayari, majeshi ya vitabu vya historia, wakaongezea pembe, mabawa na uchawi juu yake.

Chukua ile dola kubwa ya binadamu, inaitwa tu Empire. Mfalme wake Karl Franz anapigiwa kura na wakuu wa majimbo, na hao wakuu kila saa wanamtunishia misuli. Hiyo ni Dola Takatifu ya Kirumi ya Wajerumani, hawajajisumbua hata kuificha. Wajerumani mwaka 1356 walitoa hati ya kifalme yenye muhuri wa dhahabu ikasema wanaomchagua mfalme ni watu 7 basi, maaskofu wakuu 3 wa Mainz, Cologne na Trier, na watawala 4 wa Bohemia, Palatinate, Saxony na Brandenburg. Watu 7 dola nzima! Sasa mtu yeyote aliyewahi kuona uchaguzi anajua hapo kitafuata nini. Mwaka 1519 Karl wa kweli, yule tunayemsoma kama Charles V, akawa anagombea na mfalme wa Ufaransa ni mpinzani wake, hela ikamwagika mpaka basi, na zaidi ya nusu ya hela ya upande wa Charles ilitoka kwa tajiri mmoja wa Augsburg anaitwa Jakob Fugger. Akashinda. Baada ya miaka michache Fugger akamwandikia mfalme barua ya kudai hela yake na akamkumbusha waziwazi kwamba bila yeye hilo taji lisingemkaa kichwani. Mzee, kijana aliyecheza Empire akabembeleza wale wakuu wa majimbo wasiasi huna haja ya kumwelezea takrima, ameshaiona.

Na mavazi yao je. Wale askari wa Empire wana mikono ya shati imevimba na kuchanwachanwa, mguu mmoja rangi hii mguu mwingine rangi ile, kofia pana ina manyoya, na upanga mrefu karibu sawa na mwenyewe. Unaweza kudhani mchoraji alikuwa amelewa, kumbe ndo walivyovaa kweli Landsknechte, askari wa kukodiwa wa Kijerumani walioanzishwa na babu yake huyo Charles, Maximilian I, kwenye miaka ya 1480. Enzi zile kulikuwa na sheria za mavazi, fukara asivae kama tajiri, wao wakaachiwa wavae wanavyotaka kwa sababu maisha yao yenyewe mafupi. Waliosimama mstari wa mbele kabisa walilipwa mshahara mara mbili. Hata kile kifaru cha mvuke cha kwenye gemu, ambacho ukikipata mapema umewaonea wenzio, kinasemekana humo ndani kimebuniwa na mtu anaitwa Leonardo wa Miragliano, na Leonardo da Vinci wetu huyu wa kweli alichora gari la vita la mviringo lenye mizinga pande zote kwenye miaka ya 1480 hiyohiyo. Lake lilikuwa lisukumwe na watu kwa mikono ndani, mvuke wameongeza Waingereza.

Halafu kuna Kislev, nchi ya barafu, malkia mchawi wa barafu anaitwa Katarin, jeshi lake lina dubu. Hapa walichanganya Urusi na Poland kwenye sufuria moja na ukiijua historia utacheka peke yako. Askari wao wa miguu wanaitwa Streltsi, wana bunduki na shoka refu, na hao ni streltsy wa kweli wa Ivan wa Nne wa Moscow kuanzia 1550, shoka lile walikuwa wanalisimamisha chini wanaegemeza bunduki juu yake ndo wanapiga. Lakini wapanda farasi wao wana mabawa mgongoni, na hao sio Warusi hata kidogo, hao ni husari wa Poland, ambao pale Kircholm mwaka 1605 jeshi lao lote la watu kama 3,600 liliwachakaza Waswedi karibu 11,000, na mwaka 1683 waliporomoka mlimani nje ya mji wa Vienna wakiwa na mfalme wao Jan Sobieski wakawatimua Waturuki. Sasa Wapolandi na Warusi kwenye gemu wanakula sahani moja, wakati mwaka 1610 mpaka 1612 jeshi la Poland lilikuwa limekaa ndani ya Kremlin, Moscow kwenyewe, mpaka likafurushwa, na Warusi tangu 2005 wanapumzika kazini kila tarehe 4 Novemba kwa sherehe ya hilo jambo. Ungewaambia wote wawili kwamba huko mbele kuna watu watawavalisha sare moja wangeungana siku hiyohiyo kumtafuta mchoraji.

Bretonnia sitakaa nayo, ni Ufaransa ya mashujaa wa farasi iliyochanganywa na ngano za King Arthur, mabwana wanang'aa wanamwabudu bibi wa ziwani na wakulima wao wamechoka hawana hata viatu. Kumbuka tu waliochora ni Waingereza, ambao pale Crécy 1346 na Agincourt 1415 waliwapiga hao mashujaa wa Kifaransa kwa mishale ya watu wa kawaida na mpaka leo hawajaacha kusimulia. Na yule mnyonya damu Vlad von Carstein ni Vlad wa Wallachia, huko Romania ya leo, ambaye alikuwa anatundika watu kwenye miti iliyochongwa na mwaka 1462 akaivamia kambi ya Sultani Mehmed wa Pili usiku wa manane akitaka kumchinja kitandani.

Sasa ndo tunaanza kushuka kusini na hapa ndo naomba mzee anisikilize vizuri.

Misri imo. Inaitwa Nehekhara, mji wake Khemri, mfalme wake Settra. Ni Misri kila kitu, piramidi, magari ya farasi kama ya Farao Ramesses wa Pili kwenye vita ya Kadeshi, na hata zile sanamu kubwa za vita wameziita ushabti. Ushabti wa kweli, mzee, ni visanamu vidogo vya kushika mkononi, maiti anazikwa navyo ili huko aendako akiitwa kulima au kubeba mchanga kisanamu kiitike kiende badala yake. Kwenye kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa 1922 vilikutwa 413, yaani 365 mmoja kwa kila siku ya mwaka, 36 wanyapara mmoja kwa kila kumi, na 12 wanyapara wa miezi. Wamisri hata kwenye kifo waliweka zamu na wasimamizi. Mimi hii niliitafuta kwa sababu ya gemu, wala hakuna mwalimu aliyenituma. Ila tazama jambo moja: wote ni maiti. Mafuvu na mifupa. Jeshi lao halilipwi mshahara kabisa, na kwenye kucheza hilo ni raha maana hela yote unajengea, lakini ukikaa ukafikiri, Mjerumani ni binadamu, Mfaransa ni binadamu, Mrusi ni binadamu mwenye dubu, Mmisri ni skeletoni.

Vuka bahari uende Amerika yao, wanaiita Lustria. Huko kuna miji ya piramidi za ngazi, inaitwa Itza, Tlaxtlan, Hexoatl, silaha zao ni rungu lenye meno ya jiwe kali na dhahabu imejaa kila ukuta. Ni Waazteki na Wamaya watupu, Itza ni ile ya Chichén Itzá, na Tlaxtlan hainiachii shaka kwamba ni Tlaxcala, mji uliokuwa na ugomvi wa miaka na Tenochtitlan mpaka Wahispania wa Cortés walipofika 1519 ukaungana nao, na bila maelfu ya askari wa Tlaxcala Tenochtitlan isingeanguka ile Agosti 1521. Siasa nzito kabisa, majirani wanaochukiana wanamkaribisha mgeni wakidhani wanamtumia. Unajua kwenye gemu wakazi wa hiyo miji ni kina nani? Mijusi. Wanaotembea kwa miguu miwili, wakubwa wao ni vyura wachawi wanabebwa kwenye kiti. Na Meksiko leo watu zaidi ya milioni 1 wanaongea Kinahuatl, lugha ya hao Waazteki, wanaamka wanaenda sokoni.

Afu ndo bara letu. Ramani ina bara kubwa kusini, umbo lenyewe hata mtoto wa darasa la tatu atakwambia hii ni Afrika, wanaliita Southlands. Juu kuna hizo skeletoni za Misri, chini kuna msitu, na msituni kuna mijusi tena, na magoblini ya kijani yanazurura. Ufalme wa watu weusi utautafuta mpaka betri iishe. Sio kwamba wametutukana, afadhali hata wangetutukana ningejua pa kuanzia, wametuacha tu patupu.

Na usidhani ni hao peke yao. Warcraft III ya mwaka 2002, ambayo kizazi changu kiliicheza saiba kwa hela ya nauli, ina kabila la matroli, wanarusha mikuki, wana mganga wa kienyeji anayechomeka vitu vyake vya uchawi ardhini, na wanaongea Kiingereza cha Kijamaika. Wenye lafudhi ya kizungu ni binadamu na vibete, wenye lafudhi ya watu weusi wana meno yametoka nje kama pembe. Gemu za historia tupu kidogo zina nafuu, Civilization VI ina Kongo na mfalme wao Mvemba a Nzinga, ina Mali, ina Waethiopia, na Zanzibar ipo, ila ipo kama mji mdogo wa pembeni ambao ukiwa mlinzi wake unapata karafuu na mdalasini. Kuucheza wenyewe huwezi. Na karafuu hiyo nayo imeshamiri Unguja enzi za Sayyid Said karne ya 19, sasa kwenye gemu unaipata mpaka enzi za kutumia mishale, ila hilo nawasamehe.

Mimi sidhani kuna mtu alikaa kikao akasema Waafrika tuwafute. Nadhani ni rahisi kuliko hivyo: mchora ramani wa Games Workshop kule Nottingham, Uingereza, miaka ya 80 alichora alichokijua. Ya Wajerumani alikuwa na kitabu chenye picha za kila kofia, ya Misri kuna makumbusho London unaingia bure, ya kwetu alikuwa na picha ya msitu. Mtu ukiwa na kitabu unachora watu, ukiwa na msitu unaweka mijusi. Hata China walisubiri. Jina lao lilikuwa kwenye ramani ya Warhammer miaka na miaka, Grand Cathay, bila jeshi, mpaka 2022 ndo wakapewa jeshi kamili na ukuta wao mkubwa na masanamu ya udongo kama yale yaliyofukuliwa karibu na Xi'an mwaka 1974. Na ghafla wakawa binadamu wenye nidhamu na wakuu wao madragoni wazuri. Sitaki kusema sana ila Wachina wanaonunua gemu ni wengi kuliko sisi.

Hapo kwenye Cathay ndo kuna kitu kimenikera mpaka nikaandika barua hii. Ukicheza Cathay unatuma misafara ya biashara kwenda Ulaya kwa barabara inaitwa Njia ya Pembe za Ndovu, Ivory Road kwa jina lao, njiani unakutana na majambazi, unaombwa ushuru, unakodi walinzi, ukifika salama unalipwa donge. Ni sehemu tamu kuliko zote kwenye gemu. Sasa niambieni nyie, barabara ya pembe za ndovu duniani ni ya nani? Bagamoyo, Tabora, Ujiji! Wapagazi wanabeba pembe begani miezi, machifu wanatoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila mpaka, walinzi wa kukodi na bunduki za gobori, yote hayo yamepita hapa, wameichukua wakaipeleka China ambayo ya kwake ya kweli ilikuwa ya hariri.

Na kama unataka adui wa kuusubiri huo msafara porini, tunaye. Mtemi Mirambo. Huyu bwana alizaliwa kwenye miaka ya 1840, alirithi utemi mdogo tu wa Uyowa huko Unyamwezi, akajifunza namna ya kupigana ya Wangoni, akakusanya vijana ambao hawana pa kwenda, mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi waliokimbia kazi, akawapa bunduki na nguo nyekundu, hao ndo rugaruga. Alikuwa anavamia alfajiri na anatembea usiku kucha, leo yuko hapa kesho habari zake unazisikia kwingine kabisa. Mwaka 1871 akagombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuhusu hongo na mambo mengine, akafunga njia ya kwenda Ujiji. Waarabu wakatoka na jeshi la watu zaidi ya 2,000, na Stanley, yule mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuwa anamtafuta Livingstone, akaingia vitani upande wao akijua itakuwa kazi ya siku mbili tatu. Wakauteka mji mmoja wa Mirambo, wakapakia pembe za ndovu, wakawa wanarudi wamelemewa na mizigo wanacheka, kumbe rugaruga wamelala kwenye majani marefu pande zote mbili za njia. Waarabu wakubwa wakafa pale, waliobaki wakatupa pembe wakakimbia. Baada ya hapo Mirambo akaja akachoma sehemu ya Tabora yenyewe. Stanley ikabidi azunguke kusini mbali sana ndo afike Ujiji, yaani kile kisa kila mtu anachokijua cha Stanley kumsalimia Livingstone kilichelewa kwa sababu Mnyamwezi mmoja kafunga barabara. Miaka mitano baadaye Stanley na Mirambo walikutana uso kwa uso wakachanjiana udugu, na Stanley mwenyewe akamfananisha na Napoleon. Mirambo alikufa Desemba 1884 na dola lake likasambaratika haraka, maana lilikuwa limeshikwa na mtu mmoja. Mcheza gemu yeyote anaijua hiyo, jenerali wako mkuu akifa na mrithi hukumwandaa basi.

Upande wa pwani ndo kuna utajiri zaidi. Mimi ningepewa Kilwa niitengeneze ningefanya hivi. Hela yake ingefuata upepo: kaskazi ikivuma majahazi yanaingia kutoka Arabuni na Bara Hindi hazina inajaa, kusi ikianza yanaondoka na unakaa miezi unahesabu kilichobaki, ukianzisha vita msimu mbaya umekwisha. Dhahabu inatoka Sofala, huko Msumbiji ya leo, ambako nayo inatoka bara kwenye nchi ya Zimbabwe, kwa hiyo mgodi sio wako, ukigombana na wa bara umekosa. Majengo yapo tayari, Husuni Kubwa na lile bwawa lake la pembe nane, msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe, na sarafu zao wenyewe, ambazo 5 ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel huko Australia na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje.

Kuongoza kwake ungetumia ukarimu. Ibn Battuta alifika 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman ambaye watu walimwita baba wa zawadi. Anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani anatoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Hizohizo za mwilini. Sultani akarudi ndani akabadilisha akampa. Mtoto wake akazichukua tena kwa fakiri akampa watumwa 10 badala yake, na sultani aliposikia watu wanasifia akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Watumwa ndiyo, hilo nalo lazima liwemo, hatuwezi kuchora mji wa dhahabu tukaficha nani alikuwa anabeba.

Na maadui hutafuti. Vasco da Gama alirudi 1502 na mizinga akamtisha Amir Ibrahim wa Kilwa mpaka akatoa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo Wareno waliifua wakatengeneza chombo cha kanisani kilichokamilika 1506, kipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho Lisbon kinang'aa. Kwenye gemu za namna hii kila taifa lina kitu chake kitakatifu kilichoibwa na unatumwa ukakirudishe, sisi cha kwetu kinajulikana kiko kabati gani. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Almeida, akaja na meli akauteka mji, akamweka mfalme wa kwake, Muhammad Ankoni, ambaye hata mwaka mzima haukufika vizuri akauawa, na 1512 Wareno wenyewe wakaondoka.

Halafu 1587 wakatokea Wazimba kutoka Zambezi. Padri mmoja wa Kireno aliandika kwamba Kilwa iliingiliwa kwa sababu kuna mwenyeji aliwaonyesha pa kuvukia maji yakiwa yamekupwa, akidhani atapewa cheo, na mkuu wa Wazimba akaamuru afungwe na kutupwa baharini kwamba aliyewauza ndugu zake atamuuza na yeye. Padri huyohuyo ndo kaandika walikuwa wanakula watu, hapo mimi naweka alama ya kuuliza, maana kila mtu anayemwogopa jirani humwandika hivyo. Mwaka 1589 wakaingia Mombasa, ambako kulikuwa na nahodha wa Kituruki Ali Bey kabanwa na meli za Wareno baharini na Wazimba nchi kavu, wakapanda mpaka Malindi na huko Wasegeju ndo wakawavunja. Miaka minne tu baada ya hapo Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Hebu nitajieni sehemu ya Warhammer yenye vita ya pande nne kama hiyo.

Kwamba haiwezekani siyo kweli. Kameruni kuna vijana wa Kiro'o Games, Yaoundé, walichangisha hela mtandaoni wakatoa gemu yao ya fantasia ya Kiafrika 2016, Aurion, ina uchawi wa mababu na kila kitu. Hapa mjini wachoraji wa kompyuta wapo, naziona kazi zao kwenye hizohizo laptopu ninazofungua, wanachora joka la kizungu na askari wa mabawa kwa sababu picha za hivyo ndo zimejaa intaneti. Nguo ya rugaruga ukiitafuta unapata mistari miwili.

Kwa hiyo ombi langu kwa gazeti ni dogo. Ule ukurasa wa vijana wa Jumamosi, wekeni Mirambo wiki moja, na ramani ya njia ya Tabora, na maelezo ya alichovaa, alichobeba, alivyolala porini, sio tarehe ya kuzaliwa na kufa peke yake. Wiki nyingine Kilwa, nyingine Wazimba. Na mzee wetu kwa kuwa historia anaijua, ningefurahi sana yeye ndo aandike, nitawabandikia dukani vijana wasome wakisubiri laptopu zao.

Najua barua ni ndefu Mhariri. Ikibidi kupunguza kata Wapolandi na Warusi, jeshi lao wameshapewa. Mirambo usimguse.

Msomaji wenu,
Fundi kompyuta, Kariakoo, Dar es Salaam